Sayansi au falsafa: ipi inaeleza vyema nafasi ya binadamu ulimwenguni?

Tarehe 14 Februari 1990, chombo cha anga cha Voyager 1, kikiwa umbali wa takriban kilomita bilioni 6, kiliipiga Dunia picha ambamo sayari yetu nzima ni nukta hafifu ndani ya mwale wa mwanga. Mbele ya nukta hiyo, sayansi na falsafa husema mambo tofauti.

Kwa upande wa ushahidi, sayansi iko mbele bila shaka, kwani hupima, hukosea, kisha hujisahihisha. Tangu mwanafalaki Copernicus alipochapisha mwaka 1543 hoja yake kwamba Dunia hulizunguka Jua, tumeondolewa katikati ya kila kitu na kujikuta kwenye sayari inayozunguka nyota ya kawaida, katika ulimwengu wenye umri wa miaka takriban bilioni 13.8. Hata kalisi iliyo katika mifupa yetu ilipikwa na nyota zilizokufa kabla Jua halijazaliwa; kila nikilikumbuka hilo, udogo wetu haunitishi.

Lakini vipimo havisemi kama udogo ni unyonge. Hapo falsafa inashinda: katika karne ya 17, mwanafalsafa Mfaransa Pascal alimfananisha binadamu na unyasi dhaifu, ila unyasi unaofikiri, unaojua kwamba unakufa ilhali ulimwengu unaouponda haujui lolote. Hoja hiyo haijachakaa, ingawa hakuna darubini itakayoithibitisha.

Anayeuliza tumetoka wapi aanze na sayansi. Aliyefiwa, au anayejiuliza aishi vipi, falsafa itamfaa zaidi, mradi asiitumie kukana yaliyokwisha kupimwa.