SUV ya Umeme ya Kifahari Kwenye Baridi Kali: Tathmini Baada ya Vipupwe Viwili

Siku nilipokwenda kulijaribu gari hili, muuzaji alitumia karibu nusu saa kunieleza habari za skrini, spika na viti vinavyokanda mgongo, wala hakugusia jambo ambalo lilikuja kunishughulisha kwa vipupwe viwili vilivyofuata, yaani joto la betri. Simlaumu sana, kwa kuwa kilikuwa kiangazi na mimi mwenyewe sikuuliza. Ni SUV ya umeme ya daraja la juu, yenye mota mbili, betri ya takriban kilowati-saa 100 na uzito wa tani mbili na nusu. Chapa yake naiacha kando, kwa sababu mengi nitakayoyaeleza yanatokana na tabia ya betri za lithiamu, nayo yatamkuta mnunuzi wa chapa yoyote.

Kiwanda kiliahidi kilomita 560 kwa chaji moja, kwa kipimo cha WLTP, yaani utaratibu rasmi wa kupima umbali ambao gari hufika kwa chaji moja, ambacho hufanyika maabara penye nyuzijoto 23. Wakati wa kiangazi nilipata kama 430 katika barabara kuu, na sikuona ajabu. Baridi ilipofika nyuzi 15 chini ya sifuri, njia ileile kwa mwendo uleule ilinipa 300 hivi. Injini ya petroli hupoteza zaidi ya nusu ya nishati ya mafuta yake kama joto, kwa hiyo kumpasha dereva ni kuokota kilichokwisha kutupwa. Gari la umeme lina joto dogo tu la kutupa, na karibu uvuguvugu wote unaouhisi miguuni hulipiwa na betri. Hata hivyo, safari ndefu si ndizo zilizonishangaza, bali zile fupi za kilomita nane kwenda, gari kupoa kwa saa tatu, kisha kilomita nane kurudi. Kila unapoondoka, gari hupasha upya chumba cha abiria na betri yenyewe, na matumizi kwa kilomita hupanda hata kufikia maradufu ya yale ya kiangazi.

Kwa sababu hiyo, kama ningerudi dukani leo, swali langu la kwanza lingekuwa iwapo gari lina pampu ya joto. Hita ya kawaida hugeuza kilowati-saa moja ya umeme kuwa kilowati-saa moja ya joto na si zaidi, ilhali pampu, kwa kuhamisha joto lililoko nje na katika mitambo, huweza kutoa mara mbili au tatu ya hapo penye baridi ya wastani, ingawa faida hiyo hupungua kadiri baridi inavyozidi kuwa kali. Langu linayo, lakini katika baadhi ya magari huuzwa kama nyongeza, na wapo wanaoiruka ili wapate magurudumu ya kuvutia zaidi.

Kuchaji ndiko kulikonipa somo chungu. Katika safari yangu ya kwanza ya kipupwe nilifika kituoni betri ikiwa imepoa, na chaja iliyoandikwa kilowati 200 ikanipa 45, nami nikakaa pale saa moja na nusu nikidhani mtambo ni mbovu. Haukuwa mbovu. Betri ya lithiamu ikilazimishwa kupokea umeme mwingi ikiwa baridi, lithiamu huganda juu ya anodi, yaani ncha hasi ya betri, badala ya kuingia ndani yake, na uharibifu huo haurekebishiki, kwa hiyo kompyuta ya gari hubana mkondo kwa makusudi. Dawa yake ni kukiweka kituo hicho kama mwisho wa safari katika ramani ya gari, ili betri ianze kupashwa moto ukiwa bado njiani. Tangu nilipojua hivyo, napata kilowati 160 na zaidi kwa dakika za mwanzo. Ni jambo la kugusa skrini mara mbili, na kitabu cha maelekezo kimelificha mahali ambapo hakuna mtu hufungua.

Asiye na chaja nyumbani nisingemshauri alinunue gari hili kwa matumizi ya baridi kali, hata kama uwezo anao. Raha yake yote imefungwa kwenye ule waya: usiku linachaji, alfajiri linajipasha kwa umeme wa ukutani kwa saa niliyoipanga kwenye simu, na nikitoka nakuta vioo havina barafu, usukani una joto na betri bado imejaa. Kwangu huo ndio ukwasi hasa wa gari hili, kuliko ngozi ya viti. Bila waya, shughuli hiyohiyo hula akiba ya safari kabla gurudumu halijazunguka.

Kwenye theluji linakwenda kwa utulivu ambao sijauona katika gari lolote nililowahi kumiliki, kwa kuwa mota hurekebisha nguvu mara moja gurudumu linapoanza kuteleza. Lakini wepesi wa kuondoka usimdanganye mtu kuhusu kusimama, maana tani mbili na nusu ni zilezile. Pia asubuhi yenye baridi, betri haikubali umeme unaorudishwa na mota wakati wa kupunguza mwendo, hivyo ukiachia kanyagio gari halijizuii kama ulivyozoea jana mchana, na mguu hauna budi kukumbuka breki.

Mengine ni kero ndogo. Vishikio vya milango vinavyojificha ndani ya bodi huganda, na mara mbili nimevifungua kwa kugonga barafu kwa upande wa ngumi. Kamera hufunikwa na tope la theluji, kisha usaidizi wa dereva hujizima bila kuomba radhi.

Kuhusu matairi, gari lilikuja na magurudumu ya inchi 22, mazuri kwa macho na mabaya kwa kila kitu kingine mashimo yanapojificha chini ya theluji. Kwa kipupwe cha pili niliweka ya inchi 20 yenye matairi laini ya baridi. Gari likatulia, mtikisiko ukapungua, na yale ya inchi 22 yangali yamelala stoo.