Fundi wa Kibuye alinipimia sensa ya joto ya inkubeta na barafu ya samaki

Kama unatotolesha vifaranga hapa Kisumu na inkubeta imeanza kukusumbua, soma hii kabla hujanunua bodi mpya, ile ya umeme inawasha na kuzima balbu ya joto. Mimi niliweka mayai 60 nikapata vifaranga 14, tena zilitoka siku ya 23 zikiwa hazina nguvu, zingine hata kusimama haziwezi, na skrini muda wote ilikuwa inasoma 37.5 vile inafaa. Iliniuma sana juu hayo mayai ya kienyeji niliyakusanya moja moja. Duka nilienda kwanza waliniambia tu bodi imekufa nilete elfu mbili, na hata hawakuifungua.

Jirani ndio alinielekeza kwa huyu fundi ana kibanda karibu na soko la Kibuye. Nikamwambia skrini inasema 37.5, akanijibu, "Mama, skrini inasema tu chenye sensa imeiambia." Akachomoa waya ya sensa kwa bodi, akaweka mita ya umeme kwa ohms (kipimo cha vile kitu inazuia umeme) pale 200k, kisha akanituma barafu kwa wamama wa samaki. Akaiponda, akaongeza maji kidogo kwa kikombe, akazamisha ile ncha ya chuma na akawa anakoroga pole pole kama dakika tano hivi. Hizi sensa za 10k (ohms elfu kumi kwa joto ya 25) ohms zake hupanda kukiwa baridi, na kwa barafu zinafaa kusoma ohms elfu 32 ama 33. Yangu ilikuwa 24 na bado inashuka. Akatoa mpya kwa droo, kikombe ni hicho hicho, ikasoma 32.6.

Halafu akaja na maji ya vuguvugu, akaweka na thamomita ya kupima homa, ikifika 37 sensa mpya inasoma 6, yangu 5.6. Ukiangalia ni kitu kidogo lakini kwa yai ni kubwa, juu ohms zikishuka bodi inadhani joto imepita, inazima balbu mapema, kumbe mayai yangu yalikuwa yanalala kwa 36 hivi siku zote hizo! Alikata ile ncha nikaona mwenyewe, maji ilikuwa imeingia na waya zimeshika ukijani.

Sensa 200, kazi 150, na hiyo mpya aliiziba na gundi pale waya inaingilia ndio unyevu usiingie tena. Nilifurahi sana vile alipima mbele yangu nikiona kila namba. Chenye sikupenda, waya aliiacha fupi ikabidi nirudi aiunge, na risiti hana, hiyo arekebishe.

Ukienda beba inkubeta yote, usibebe bodi peke yake, na usiende Jumapili juu soko inajaa na atakuweka foleni mpaka jioni.