Kadi za S5 zilizopimwa kweli: karakana ya Katwe ninayoiamini

Kama kiwandani kwako bado kuna Siemens S5-115U, PLC ya zamani (kompyuta ya kuendesha mitambo), vipuri vyake katafute Katwe, Kampala, kwenye karakana ndogo isiyo na kibao, nyuma ya mafundi wa kuchomelea mageti. Wauzaji wa kadi za PLC za zamani ni wengi Kampala na Nairobi, na mtandaoni ndiyo usiseme. Wanaopima wanachouza ni wa kutafuta kwa tochi. Hawa wanapima.

Mimi ni fundi umeme katika kiwanda cha chakula cha mifugo, Jinja. Mizani, mikanda na milango ya maghala yetu yote inapokea amri kutoka S5-115U. Familia ya S5 iliingia sokoni mwaka 1979, S7 ikaja kuirithi katikati ya miaka ya 1990, na kadi mpya kutoka kwa mtengenezaji leo huipati. Kubadilisha mfumo mzima ni kuandika programu upya, kufunga nyaya upya na kusimamisha kazi. Mwenye kiwanda amekubali, ila si msimu huu, na kuku wa wateja hawangoji.

Nilikuwa natafuta kadi ya kutoa, yaani inayopeleka umeme wa amri kwa vifaa, 6ES5 451-7LA12: njia 32 za volti 24, kila njia ampea 0.5. Yetu ilikuwa na njia zilizoungua. Muuzaji mmoja wa mtandaoni alikwishatutumia kadi ya 441, akasisitiza ni kitu kimoja. Njia ni 32, ampea ni zile zile, hata kwenye nafasi ya reki (fremu ya kuchomekea kadi) inaingia. Nikaipeleka Katwe nisikie watasemaje. Binti anayeshughulika na solda aliitazama namba tu, akasema: “Mzee, hii usiichomeke. 441 haijatenganisha nyaya za nje na umeme wa ndani. 451 imetenganisha.” Sahihi kabisa. Kwetu nyaya za soleneidi (sumaku za umeme) zinapita karibu na nyaya za mota, na hitilafu ya huko nje ikikosa kizuizi inaweza kupenya hadi ndani ya reki. Wao walikuwa na 441 nyingine rafuni, wangeweza kuniuzia. Badala yake wakaniambia nisubiri 451 itoke kwenye reki waliyoinunua kiwanda kilipohamia mfumo mpya.

Ilipofika nikaomba nishuhudie majaribio, nao hawakukataa. Wana reki yao ya S5-115U yenye programu inayowasha njia moja baada ya nyingine. Wauzaji wengi hapo wangeishia kutazama taa za kijani, na taa ya kijani haithibitishi kitu kuhusu transista (swichi ya njia) iliyochoka. Hawa kila njia wameifungia rezista ya omu 56, yaani mzigo wa zaidi kidogo ya ampea 0.4. Wanapima volti zinazofika kwenye mzigo njia ikiwa imewaka, kisha wanapima kama kuna umeme unaovuja ikiwa imezimwa. Halafu kadi inaingia kwenye sanduku lenye hita hadi nyuzi 50, na majaribio yanarudiwa. Njia moja iliyokuwa nzima ikiwa baridi ilianza kupoteza volti ilipopata joto. Wakabadilisha transista, wakaanza upya njia zote 32, si ile moja tu. Hapo ndipo waliponipata.

Pawasaplai ya PS 951, inayolisha reki umeme, nilipeleka pia. Yetu ilikuwa ikiangusha CPU (ubongo wa PLC) mchana wa joto, taa ya QVZ inawaka na kazi inasimama, na wenzangu walishaanza kuishuku kadi moja baada ya nyingine. QVZ ni CPU kulalamika kwamba kadi iliyoitwa haikujibu kwa wakati, kwa hiyo ni rahisi kulaumu kadi. Osiloskopu yao, chombo cha kuchora volti kwenye skrini, ilionyesha volti 5 ikitetemeka vibaya ikipewa mzigo. Kapasita zilikuwa zimekauka kwa umri. Wamezibadilisha zote, wakasafisha vumbi la pumba lililokuwa limeganda kwenye bodi, na mstari kwenye skrini ukatulia. Tangu hapo QVZ hatujaiona.

Jambo jingine ninaloliheshimu ni karatasi. Kila kadi inatoka na karatasi ya vipimo, na chini yake wanaandika kwa mkono kile ambacho hawakupima. Kwa kadi za analogi (za kusoma vipimo vinavyopanda na kushuka, si kuwasha na kuzima tu), upungufu wao ni huo: hawana chombo cha kutoa miliampea sahihi, kwa hiyo wanaangalia mwanzo, katikati na mwisho wa kipimo, basi. Kwa mizani yangu hiyo haitoshi. Kadi ya analogi ningeirekebisha mwenyewe kiwandani kabla ya kuiamini. Kadi za mawasiliano hawagusi, na wanakwambia mlangoni. Bei iko juu ya ile ya mtandaoni, na ukiwa na haraka utateseka, maana hawatoi kadi kabla sanduku la joto halijamaliza kazi yake.

Ukienda, beba namba kamili, hadi tarakimu za mwisho, kwa sababu ndizo zinazotaja toleo. Piga picha ya reki nzima na nafasi ya kila kadi. Na usitoe betri ya lithiamu PLC ikiwa imezimwa ili uwapelekee mfano: kama programu iko kwenye RAM (kumbukumbu inayotegemea umeme) peke yake, itafutika. Betri hubadilishwa umeme ukiwa umewaka. Kama huna EPROM (chipu ya kumbukumbu isiyofutika umeme ukikatika) yenye nakala ya programu, waambie hilo kwanza, hata kabla ya kadi iliyokupeleka. Wana kompyuta ya zamani yenye STEP 5 (programu ya kusomea na kuandikia S5) inayotumia DOS, pamoja na kebo ya miliampea 20 ya kuiunganisha na PLC, na wanakubali kuja nayo hadi Jinja ukiwalipia usafiri.