Chujio la sponji mbili: miezi 14 ya uduvi na samaki katika tangi moja

Asubuhi niliyoamua kununua chujio hili nilikuwa nimefungua lile la zamani, la kuning'inia ukingoni mwa tangi, nioshe pamba yake. Chini ya pamba nikakuta uduvi 11, wadogo kama punje za ufuta, wote hai, wanakula uchafu. Walikuwa wamenyonywa kupitia matundu ya bomba, wakapita kwenye mapanga ya mota, wakaangukia humo. Hao ndio waliopona. Waliokatwa na yale mapanga sina hesabu yao, na siku hiyo sikuweza kuendelea na usafi kwa jinsi moyo ulivyoniuma.

Tangi langu ni la lita 60 na lina mimea mingi: Anubias zimefungwa kwenye gogo, Cryptocoryne zimeota mbele, na mosi ya Java, mmea laini unaoota kwa kusongamana, imefunika kona nzima ya nyuma. Samaki ni tetra wanane wa rangi ya machungwa, Hyphessobrycon amandae, ambao aliyekomaa hazidi sentimita 2 hivi, pamoja na kambare sita wa Corydoras pygmaeus na Otocinclus wanne. Uduvi ni wale wekundu, Neocaridina davidi. Nilianza nao 15. Majike walikuwa wakibeba mayai chini ya tumbo, wakiyapepea kwa vile vimiguu vyao vya kuogelea, na baada ya wiki tatu au nne mayai yanakwisha. Watoto siwaoni. Kwa muda mrefu nilikuwa nikiwasingizia tetra peke yao.

Sasa chujio lenyewe. Ni kitu chepesi kukielewa: sponji mbili nyeusi za duara, bomba la plastiki lililosimama katikati yake, na kibandiko cha mpira cha kushika kioo. Pampu ya hewa inakaa nje ya tangi. Mrija mwembamba unapeleka hewa hadi chini ya bomba, viputo vinapanda, na vinapopanda vinaondoka na maji, kwa hiyo maji mengine yanalazimika kuingia kupitia sponji. Ndani ya tangi hakuna mota wala mapanga. Mtoto wa uduvi mwenye milimita 2 akigusa sponji havutwi kwenda popote. Anatua, anaanza kula.

Hapo kwenye kula ndipo chujio hili lilinishangaza. Mimi nililinunua ili lisiue, basi. Sikujua kwamba litageuka malisho. Kufikia wiki ya tano au ya sita sponji ilikuwa imevaa utando wa bakteria na vijidudu, na uduvi wakahamia pale. Kaa mbele ya kioo dakika kumi uwatazame: mikono ya mbele inachota na kupeleka mdomoni, kulia, kushoto, kulia, bila kupumzika, na watoto wamejipanga katikati ya wakubwa kama ndama waliofuata mama zao kondeni. Maji yanayovutwa taratibu kuelekea kwenye sponji yanaleta pia vumbi la chakula cha samaki, kwa hiyo hata mabaki yanayowaponyoka Corydoras yanaishia mdomoni mwa uduvi. Tangu hapo nimepunguza kuwawekea chakula chao cha pekee hadi mara mbili kwa wiki.

Lakini usilinunue kesho ukang'oa la zamani siku hiyohiyo. Sponji mpya ni tupu. Bakteria wanaogeuza amonia, ile sumu itokanayo na uchafu wa samaki, kuwa nitraiti, kisha nitraiti kuwa naitreti, wanahitaji wiki kadhaa kujenga makao, na uduvi hufa mapema kwa amonia kuliko samaki wengi. Nilitumia machujio yote mawili kwa pamoja wiki sita, huku mdomo wa lile la zamani nimeuvalisha kipande cha sponji nilichokifunga kwa uzi. Na kabla ya kuliweka, kamua sponji ndani ya maji mpaka hewa yote itoke. Mimi sikufanya hivyo, nikaamka nikalikuta linaelea juu limeburuta mosi nusu ya tangi.

Usafi ndio sababu ninapendekeza hili la sponji mbili badala ya la moja. Kila wiki ya tatu nachomoa sponji moja tu, naikamua ndani ya ndoo yenye maji niliyoyatoa kwenye tangi lenyewe, narudisha. Nyingine inasubiri zamu yake, ili wakati wote nusu ya bakteria wabaki wametulia. Maji ya bomba yenye klorini usiyaguse kwa kazi hii, utaua ulichokijenga. Kabla ya kuinua sponji naigonga kwa kidole polepole ili uduvi waondoke, na bado ile ndoo siimwagi mara moja. Naiacha nusu saa uchafu utuame, kisha namulika kwa tochi. Karibu kila mara namkuta mtoto mmoja au wawili, nawarudisha kwa kijiko.

Kasoro zipo. Viputo vina kelele, na chumbani kwa mtu wa usingizi mwepesi vitamsumbua. Niliweka jiwe la hewa, kijiwe chenye vitundu vidogo vya kupitishia hewa, ndani ya bomba, viputo vikawa vidogo na mlio ukashuka sana. Maji hayang'ai kama ya chujio la mota, kwa sababu chembe ndogo sana hubaki zikielea, hasa nikichokoza mchanga. Kibandiko cha mpira kiligoma kushika baada ya miezi minane. Na anayetia gesi ya kabonidioksaidi kwa ajili ya mimea ajue kwamba viputo hivi vinaitoa majini haraka. Mimea yangu ni ile isiyodai gesi, haikudhurika.

Kasoro inayonikera kweli ni kwamba boksi halina vali ya kuzuia maji kurudi. Pampu ikikaa chini ya usawa wa maji, siku umeme ukikatika maji yanaweza kushuka kwa mrija yakaingia kwenye pampu na kumwagika sakafuni. Vali ni kidude kidogo mno. Kilipaswa kuwemo. Nunua, ukifunge kabla hujawasha chochote.

Kuhusu midomo ya samaki, chujio halina dawa. Nimemwona tetra akimeza mtoto wa uduvi mbele ya macho yangu. Kinachowaokoa watoto ni ile mosi: wakizaliwa wanazama humo, na hawatoki hadi wafikie karibu sentimita moja. Ukiwa na mosi nene na samaki wenye midomo midogo, watakaopona watatosha. Ukiwa na samaki malaika, hata uduvi mkubwa ni windo. Samaki aina ya gapi huwaachia uduvi wakubwa lakini watoto huwasaka kutwa. Otocinclus sijawahi kumwona akimgusa hata mmoja. Wanaofuga wale uduvi wa Amano, Caridina multidentata, wasitarajie watoto kwa chujio lolote, maana mabuu yao yanahitaji maji yenye chumvi ili yakue.

Jambo moja zaidi, kwa kuwa naulizwa sana na wanaoanza: ukikuta gamba jeupe lenye umbo la uduvi limenasa kwenye sponji, usilie. Amejivua ili akue, na amejificha mahali akingoja gamba jipya ligumu. Liache, uduvi watalila wenyewe kwa ajili ya madini yake. Cha kuogopa ni dawa za samaki zenye shaba. Hizo usizitie katika tangi hili, maana uduvi hawazihimili.

Juzi usiku nilihesabu kwa tochi, nikafika 70 nikapotewa na hesabu pale kwenye mosi. Nimeshanunua chujio la pili kama hili. Kwa sasa limesimama kona ya kulia ya tangi hilihili, linakusanya bakteria, na uduvi wameshaanza kulitambaa. Likitimiza wiki sita nitalihamishia kwenye tangi jipya ambalo bado halina hata samaki mmoja.