Nimemaliza kozi ya kusimamia uchunguzi wa malalamiko dhidi ya polisi wa makabila Marekani, maoni yangu haya hapa

Kwanza niseme nimeingiaje humu maana mimi sio askari. Niko Marekani, nafanya kazi ofisi ya utumishi kwenye serikali ya kabila moja la Wenyeji wa Asili huku kusini magharibi, na mkuu wetu wa polisi alipostaafu pakawa na miezi hakuna mtu wa kusimamia malalamiko ya wananchi dhidi ya askari, basi mafaili yakaletwa mezani kwangu. Kumi na moja. Moja lilikua na karatasi moja tu ndani yake, na mstari wa kwanza kabisa mchunguzi kaandika "mlalamikaji alikuwa amelewa", halafu jina la mama wa watu, halafu hamna kitu. Hakuhojiwa yeye wala askari aliyemlalamikia, na video ya kamera ya kifuani hakuna aliyeitafuta. Nilishindwa kulala kwa ajili ya lile faili, ndo nikaomba nipelekwe kozi.

Ni siku tatu kwa Zoom, dola mia nne na ushee, ofisi ililipa. Waendeshaji siwataji kwa sababu nina malalamiko nao kidogo. Nyota nne kati ya tano.

Siku ya kwanza asubuhi ndo iliyonifungua macho. Hata Wamarekani wenyewe wengi hawajui kwamba polisi wa kabila sio sawa na polisi wa mji. Makabila yanayotambuliwa na serikali kuu yako zaidi ya 570, na kwa mengine polisi ni wa kabila lenyewe kwa mkataba na serikali kuu chini ya sheria ya 1975 ambayo huku kila mtu anaiita "638" kwa namba yake, kwengine askari ni wa BIA (Bureau of Indian Affairs), yaani idara ya serikali kuu inayoshughulikia mambo ya makabila, halafu kwenye majimbo kama California na Minnesota kuna Public Law 280 ya mwaka 1953 inayompa sherifu wa kaunti mamlaka ya jinai ndani ya ardhi ya kabila. Na askari mmoja anaweza kuwa na beji ya kabila na wakati huohuo ana kibali maalum cha serikali kuu. Kwa hiyo swali la kwanza la msimamizi akipokea lalamiko ni hili, huyu askari saa ile alikua anafanya kazi kwa mamlaka ya nani? Ukikosea hapo unaweza kuchunguza miezi mitatu kitu ambacho hata sio chako.

Kilichoniuma zaidi ni kipande cha mwaka 1978. Mahakama ya Juu ya Marekani kwenye kesi ya kabila la Santa Clara Pueblo ilisema ile sheria ya haki za raia ya 1968 inayobana serikali za makabila haimpi mtu njia ya kulishtaki kabila mahakama ya shirikisho, yaani ya serikali kuu, isipokua kama amefungwa na anapinga kifungo chake. Ukijumlisha na hili kwamba askari anayefanya kazi chini ya sheria ya kabila hashtakiwi kwa ile Section 1983, sheria ya kumdai fidia askari aliyevunja haki zako, ambayo watu wa mijini wanaitumia kila siku, unaona mwananchi kabakia na nini. Fidia inawezekana kwa polisi wa mikataba ya 638, hiyo ipo tangu 1990, lakini fidia inalipwa na serikali kuu na askari anabaki barabarani vilevile. FBI nao wanachukua yale makubwa. Lakini kutukanwa, kusukumwa, mtu kupiga simu mara tatu na polisi asije, hayo yote yanakuja kwetu, na sisi tukiyatupa droo ndo yameishia hapo jamani.

Zoezi la mahojiano ndo zuri kuliko yote. Mmoja wetu anakua askari anayetuhumiwa, mwingine mchunguzi, mwingine msimamizi anayesikiliza, mimi nilikua msimamizi. Mchunguzi akaanza kwa "lazima ujibu au unafukuzwa kazi", askari akajibu yote, na mimi nikaona sawa tu. Mkufunzi akasimamisha akaniuliza hayo majibu sasa utampa nani? Nikasema mwendesha mashtaka. Hapana! Kesi ya Garrity ya 1967, ya polisi wa New Jersey waliohojiwa kuhusu kufuta faini za trafiki, inasema ulicholazimishwa kusema kwa kutishiwa kazi hakitumiki kukushtaki kwa jinai. Kwa makabila Katiba ya Marekani haiyabani moja kwa moja, hilo lilishaamuliwa tangu 1896, ila sheria ya 1968 ina kinga ileile ya kutojishuhudia, na kesi ikifika mahakama ya shirikisho Katiba inatumika yote. Kwa hiyo mafaili mawili, la nidhamu na la jinai, wachunguzi wawili, na majibu ya kulazimishwa hayavuki. Anayelinda huo ukuta ni msimamizi, na nusu saa kabla ya hapo mimi ningeubomoa bila kujua.

Sasa kasoro. Mchana wote wa siku ya kwanza ulienda kwenye vyama vya wafanyakazi na sheria za polisi wa miji mikubwa, slaidi zimehamishwa tu kutoka kozi nyingine, hata fomu za mfano zina nafasi ya kujaza jina la mwanasheria wa mji. Mtu anayetoka kituo chenye askari tisa hizo anazifanyia nini.

Na jambo la undugu walilipita kwa slaidi moja. "Mchunguzi asiwe na uhusiano na mhusika." Sawa, ila kwenye jamii ndogo nani hana uhusiano na nani? Bahati nzuri mkufunzi wa siku ya pili, mama mstaafu wa polisi wa kabila, alifunga slaidi akaongea mwenyewe dakika arobaini hivi. Akasema usiulize tu kama ni familia yako, uliza ukoo, maana kwa Wanavajo kwa mfano mtu ni wa ukoo wa mama yake na wa ukoo huo wote ni ndugu, lakini kwenye fomu ya Kizungu jibu litakua "hapana" na mtu hajadanganya. Jibu liandikwe na libaki kwenye faili. Na makabila jirani yanaweza kuandikiana makubaliano ya kuazimana wachunguzi, wewe unachunguza wa kwao na wao wa kwako. Mimi niliyekulia kwa mama mdogo nilimwelewa kabla hajamaliza sentensi, lakini wenzangu wengine walikua wanaandika mbiombio, na hapo ndo ilitakiwa kua nusu ya kozi nzima.

Niliporudi nimeomba fomu za malalamiko ziwekwe pia zahanati na kituo cha wazee, maana zamani zilikua kaunta ya polisi tu, unamuomba fomu binamu wa unayemshtaki. Lile faili la karatasi moja nimelifungua upya, mchunguzi anatoka kabila jirani. Yule mama nilimpigia mwenyewe. Alikaa kimya kidogo halafu akaniuliza kama aje na mwanae aliyeona. Nikamwambia aje naye.

Mkijiandikisha tumieni kompyuta, sio simu, lile jedwali la kozi la kuonyesha nani ana mamlaka wapi kwenye simu halisomeki kabisa. Na ulizeni kabla ya kulipa kama yule mama wa siku ya pili bado anafundisha.