Ushirika wa kahawa darasani: tathmini ya kozi ya mabadilishano kwa njia ya mtandao, kutoka Moshi

Kozi inayotathminiwa hapa hutolewa na chuo kikuu kimoja cha Ujerumani kwa wanafunzi wake pamoja na walio nje ya nchi hiyo, na mada yake ni vyama vya ushirika katika biashara ya kahawa. Washiriki hugawanywa katika makundi madogo yenye Wajerumani, Wakolombia na sisi wa Moshi, hukutana mtandaoni mara moja kwa wiki kuanzia Oktoba hadi mwishoni mwa Januari, kisha kila kundi huwasilisha kazi moja ya pamoja. Ada hakuna, viza haihitajiki, na mwanafunzi wa shahada ya kwanza aliyefika mwaka wa tatu anaruhusiwa kuomba. Mimi niliisoma nikiwa katika shahada ya uzamili. Sifa nitakazoitolea zinahusu kazi za makundi zaidi kuliko mihadhara, na hata hizo zina sharti ambalo mwombaji wa huku hana budi kulitimiza kabla hajajaza fomu.

Wengi huchanganya kozi ya namna hii na zile ambazo mtu hutazama video peke yake, akajibu maswali, akapakua cheti. Katika mabadilishano, walimu wa vyuo viwili au zaidi huandaa somo kwa pamoja na wanafunzi wao hufanya kazi moja, hivyo asiyejitokeza huwakwamisha wenzake. Mfumo wenyewe si mgeni: Chuo Kikuu cha Jimbo la New York kilianzisha kituo cha masomo ya aina hii mwaka 2006, na mpango wa Erasmus+ wa Umoja wa Ulaya uliufanyia majaribio kuanzia 2018 na nchi za kusini mwa Mediterania, kabla ya kuziingiza nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara katika awamu ya 2021 hadi 2027.

Kundi letu lilipewa swali linaloonekana jepesi: mkulima analipwa lini, na nani anabeba hasara bei inapoanguka? Wakolombia walieleza jinsi Shirikisho la Taifa la Wakulima wa Kahawa la nchi yao, lililoundwa mwaka 1927, linavyotangaza bei kila siku na kumhakikishia mkulima kwamba kahawa yake itanunuliwa. Sisi tukaeleza utaratibu wa AMCOS, vyama vya msingi vya ushirika wa mazao: mkulima anapeleka kahawa yake kwenye chama cha msingi, anapokea malipo ya awali, kisha anasubiri kahawa ikobolewe na iuzwe ndipo apate malipo ya pili, kama yapo. Mjerumani mmoja aliuliza kwa nini mtu akubali kusubiri namna hiyo, na Wakolombia, ambao tulidhani wangemuunga mkono, ndio waliomjibu kwamba hata bei ya kila siku hupanda na kushuka na soko la dunia, na kwamba familia zao bado zinasimulia yaliyotokea baada ya mgawo wa kimataifa wa mauzo ya kahawa, uliokuwa ukizuia bei isianguke, kusitishwa mwaka 1989. Mjadala huo ulienda mbali kuliko chochote nilichokisoma kitabuni, na uliwezekana kwa sababu waliokuwa wakizungumza walikuwa wametoka katika nyumba zinazolima kahawa.

Hojaji ya mahojiano ndiyo iliyotufunza zaidi. Rasimu ya kwanza, iliyoandikwa Ujerumani, ilimtaka mkulima ataje eneo la kahawa yake kwa hekta. Kwa kuwa Desemba Wachagga hurudi nyumbani, tulikwenda nayo kwa wazee, na kila aliyeulizwa alitutazama kwa huruma. Katika kihamba, yaani shamba la nyumbani la Wachagga, kahawa imo chini ya migomba, pamoja na magimbi na miti ya kivuli, na mwenyewe huhesabu miti ya kahawa, si eneo. Tulirudi na takwimu za miti. Wenzetu wakalazimika kubadili jedwali lote la uchambuzi, na walifanya hivyo bila manung'uniko.

Mihadhara haikufikia kiwango hicho. Historia ya ushirika ilianzia Rochdale, Uingereza, mwaka 1844, ikapita kwa Raiffeisen, mwanzilishi wa ushirika wa mikopo wa Ujerumani, ikafika kwenye uamuzi wa UNESCO wa mwaka 2016 wa kuliingiza wazo la ushirika katika orodha ya urithi usioshikika kwa pendekezo la Ujerumani. Yote ni kweli. Afrika, hata hivyo, iliachwa hadi wiki za mwisho na ikajadiliwa chini ya kichwa cha misaada, ilhali wakulima wa Kilimanjaro walikuwa na chama chao cha kahawa tangu 1925 na KNCU, chama kikuu cha ushirika cha mkoa huo, ikaundwa mwaka 1933, na ilhali hatua ya serikali kuvunja vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976, kisha kuvirejesha kwa sheria ya 1982, ni somo kamili kwa yeyote anayetaka kujua chama hupoteza nini kinapopoteza uhuru wake. Mhadhiri wa upande wetu alipewa kipindi kimoja tu. Kama somo kweli limeandaliwa kwa pamoja, kipindi kimoja ni kidogo mno.

Kuhusu ratiba, mwombaji ajue kwamba Ulaya hurudisha saa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Kipindi kilichoanza saa kumi na moja jioni kwa saa za Moshi kikahamia saa kumi na mbili, na waliopanga vyumba mbali na mji wakawa wanatoka gizani kutafuta daladala. Vipindi hurekodiwa, lakini mikutano ya makundi hairekodiwi. Bando ni gharama yako mwenyewe.

Sasa sharti lenyewe. Kozi hii ina krediti 5 za mfumo wa Ulaya wa ECTS, ambamo krediti moja ni saa 25 hadi 30 za kujifunza. Kwetu krediti moja huhesabiwa kuwa saa 10, kwa hiyo kazi hiyo ni sawa na krediti 12.5 hadi 15 za hapa, uzito wa somo zima la muhula. Ulinganisho huo hauingii wenyewe katika hati ya matokeo. Baadhi ya wenzangu walisoma hadi mwisho, wakafaulu, kisha idara zao zikawaambia kwamba cheti ni kizuri lakini hakina mahali pa kuandikwa, kwa kuwa somo halikuidhinishwa kabla ya muhula kuanza. Wakawa wamebeba masomo ya hapa yote pamoja na hilo.

Kwa mwanafunzi wa ushirika, kilimo au biashara ninaipendekeza, tena hasa kwa aliye na nyumbani pa kwenda kufanya mahojiano. Kabla ya kuomba, aombe maelezo kamili ya kozi yanayoonyesha saa za kazi na namna ya upimaji, ayapeleke kwa mkuu wa idara, na asiondoke hadi apate barua inayotaja somo la hapa litakalofidiwa. Aanze Agosti, kwa maana fomu ya Ujerumani hujazwa kwa dakika chache, na barua hiyo huchukua wiki kadhaa.