Kupamba kanisa kwa ajili ya harusi: nililipa, na nimejuta nusu

Harusi yetu ilikuwa Novemba, hapa Kampala. Kwenye vikao vya kamati hakuna jambo lililobishaniwa kama hili: kanisa tulipambe au tuliache lilivyo? Senga yangu, yaani shangazi, alisema, "Mwanangu, bibi harusi haingii kanisa tupu kama anayekwenda ibada ya Jumatano." Mweka hazina akasema fedha ni za michango, watu wametoa elfu kumi kumi na elfu ishirini ishirini, zisiishie kwenye vitambaa vya saa moja na nusu. Nikasimama na Senga. Tukamlipa mpambaji shilingi 1,400,000 za kanisa, mbali na 3,200,000 za hema la karamu.

Kazi ya hema sina la kulalamikia. Vitambaa vya krimu vilinyooshwa mpaka juu ya nguzo bila mkunjo, na taa zilipowashwa magharibi watu waliacha kula wakatazama. Wageni walikaa humo tangu saa tisa mpaka usiku, kwa hiyo kila shilingi ilionekana.

Kanisani ndipo nilipoumia. Jumamosi ile kulikuwa na ndoa tatu, yetu ya pili, saa sita mchana. Ya kwanza ikachelewa kumalizika, na vijana wa mpambaji wakabaki na dakika kama 25. Kapeti jeupe lilitandikwa vizuri. Mabenchi ya kushoto yakafungwa utepe yote. Ya kulia, utepe haukufika hata nusu. Kisha wakasimamisha tao la maua bandia mbele ya madhabahu, likaziba dirisha la vioo vya rangi, dirisha lililonifanya nilipende kanisa lile tangu nilipohamia Kampala kutoka Tororo.

Kwa sheria ya Uganda ndoa ya kanisani hufungwa milango ikiwa wazi, na Novemba huku ni msimu wa mvua. Upepo unaotangulia mvua ukaingia moja kwa moja, tao likaanza kuinama. Miguu yake haikuwekewa hata tofali. Kijana mmoja akalikimbilia, akalishikilia tangu wimbo wa pili mpaka ahadi zikaisha. Nilipokuwa nikivishwa pete niliona vidole vyake vinatetemeka katikati ya yale maua ya plastiki. Nilimhurumia sana, maana kosa halikuwa lake. Kuchelewa kwa ndoa ya kwanza simlaumu mpambaji, lakini ratiba ya kanisa alipewa wiki tatu kabla, na tao la kusimama kwenye upepo alilichagua mwenyewe. Baada ya kumfuata mara nne alirudisha shilingi 200,000.

Kitu kimoja kanisani kilinifurahisha mpaka leo, nacho hakikutoka kwake. Akina mama wa Umoja wa Akina Mama walipanga mawaridi meupe kwenye vyungu viwili Ijumaa jioni, wakaviweka kila upande wa madhabahu. Mawaridi hulimwa hapa hapa, pande za Wakiso na Entebbe, na mengi hupelekwa Uholanzi. Yetu yaligharimu 150,000 kwa vyungu vyote viwili. Mchana ule bado yalikuwa na matone ya maji kwenye majani, na harufu yake niliisikia nilipopiga magoti.

Kama ndoa yako itafungwa kwenye ukumbi wa shule au chini ya hema, pamba, maana mahali penyewe hapakusaidii. Kama ni kanisa lenye umbo lake, nenda kwanza Jumamosi moja, ukae benchi la nyuma saa ileile utakayofungia ndoa, uone mwanga unaangukia wapi na upepo unaingilia wapi. Uliza ofisini mko ndoa ngapi siku hiyo na mnapishana kwa muda gani. Mpambaji asipokuuliza hayo mwenyewe, usimpe malipo ya awali.

Huyu wangu ningemwita tena kwa hema, hata kesho. Kanisa singempa. Mdogo wangu anafunga ndoa Januari palepale, na ameshazungumza na maharusi wengine wawili wa siku hiyo: wanachangia maua ya madhabahu pamoja, yapangwe Ijumaa na wale akina mama, na dirisha libaki wazi.